Mti wa Kitovu Changu

Jumanne, 6 Mei

Mama kanigusa mguu alfajiri, kama kila siku. Kidole gumba, mara moja, halafu huyoo na kandambili zake. Nina miaka arobaini na saba na bado naamshwa kwa kidole.

Chai ya tangawizi, mihogo ya jana. Matope mpaka getini. Huku Goba mvua ikinyesha siku mbili, kilima chote kinataka kuhamia kwa jirani.

Darasa la tano nimewachorea mti wa kisiwa cha Sokotra, ule ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mtoto mmoja kauliza kama unaumia. Mwingine kauliza kama nimeshafika huko. Sijafika popote. Morogoro mara mbili, Lindi kwa kina Mama mara nyingi. Basi.

Jumapili, 11 Mei

Nimelala mchana, nimeota tena. Natembea kwenye ule msitu wa Marekani ambao miti yake yote ina mzizi mmoja chini ya ardhi. Maelfu ya miti, kumbe ni mti mmoja. Nilikuwa peku. Majani yanatikisika bila upepo. Nimeamka nina amani ambayo sikuifanyia kazi yoyote.

Dirishani mti wa marehemu Baba. Alikuwa mpishi wa meli, akarudi na mbegu kutoka Ceylon, ngumu kama gololi. Akaipanda nyuma ya jiko wakati Goba yote ni pori. Nilipozaliwa ulikuwa na majani matatu. Kitovu changu kilipodondoka kikazikwa pale, kama watoto wote wa kwetu wanavyozikiwa kwenye mnazi wao. Mimi nikapewa mti huu, Mgeni. Baba ndiye aliyeuita hivyo.

Sasa umepita nguzo za umeme. Jani moja linafunika watu kumi kwenye mvua. Haujawahi kutoa ua wala tunda. Mtaa mzima unauita mnazi tasa. Nami sina mtoto, nilishaachika kwa sababu hiyo, kwa hiyo watu hawapati shida kuunganisha. Kinachoniuma si wao. Ni Mama. Kila akisikia jina hilo anajibu, "Uacheni uwe tasa." Miaka yote. Huwa najiuliza anaujibia mti au mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Kitu kimechomoza kileleni. Kama mkuki. Jana hakikuwepo, au sikuangalia.

Mama Neema, jirani yetu wa ukutani, kapiga vigelegele kabla hata sijamaliza kufua. Akaniita: "Mwalimu, mnazi wenu unataka kuzaa!" Akanitazama tumboni. Nimecheka. Sikupenda.

Mama alitoka jikoni, akatazama juu muda mrefu, mkono kwenye paji la uso. Halafu akatabasamu. Akasema alhamdulillahi. Akaenda kumwaga maji ya samaki pale shinani, yale ya chumvi chumvi, anavyofanya tangu niko mdogo. Uvivu wa kufika shimo la taka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafuta kitabu changu cha miti ya dunia. Kimeliwa na mchwa pembeni lakini ukurasa upo. Talipoti. Huko kwao watu waliandika vitabu juu ya majani yake kabla hawajajua karatasi. Ua lake ndilo kundi kubwa la maua kuliko la mmea wowote. Hutoa mara moja tu.

Halafu hufa.

Nimesoma mara tatu. Unakaa miaka yote hiyo unajiwekea akiba mwilini, unaitoa yote kwa mkupuo, unazaa, unakufa.

Simwambii Mama. Ana miaka sabini na tisa. Ndicho kitu pekee cha Baba kilichobaki hai. Acha afurahi.

Jumatano, 2 Julai

Mkuki umefunguka. Matawi juu ya matawi, rangi ya maziwa. Nyuki kutwa. Harufu inaingia mpaka kwenye vyombo.

Siamini mambo ya vitovu, eti mti ukifa mwenye kitovu naye hufuata. Nimesoma, nafundisha sayansi. Naogopa.

Ijumaa, 25 Julai

Mama kapika pilau. Kaita mtaa mzima baada ya swala, Waislamu kwa Wakristo, ikasomwa dua chini ya mti. Maua yanadondoka kwenye sahani. Watu wamejaa uani, watoto wanachota maua kwa vikombe, wanamwagiana vichwani. Mchana wote ulikuwa mweupe. Kwa muda sikujua kama niko Goba au kwenye moja ya ndoto zangu.

Mama Neema kaniambia sikioni kwamba Mungu hana haraka, hata Sara alizaa uzeeni. Nikaenda kukosha masufuria ambayo hayajatumika.

Nimemuona Mama wakati wa dua. Wenzake wote mikono juu, macho yamefumbwa. Yeye macho wazi, ananitazama mimi. Si mti. Mimi.

Nimekasirika. Nadhani naye anasubiri mjukuu.

Jumanne, 12 Agosti

Kizunguzungu ubaoni. Chaki ikadondoka. Zahanati wanasema presha, nipunguze chumvi, nipumzike. Nimemwambia Mama ni uchovu tu.

Leo kanigusa mguu alfajiri, na saa nne, na baada ya adhuhuri. Nimemwambia aniache nilale. Kwa ukali. Najuta.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeamka mwenyewe. Hakuna kidole. Jua limeshatoka.

Nimemkuta nyuma ya jiko. Kapiga magoti shinani, ana jembe la kupalilia, shimo limefika kwenye kiwiko. Pembeni kopo la maziwa limejaa udongo. Kanga imejaa matope. Nikamuuliza anafanya nini.

"Natoa kitovu chako," akasema. "Huu mti unakufa. Sitaki ufe nao."

Nimekaa chini pale pale.

Kumbe anajua. Anajua tangu nina miezi minne. Baba alikuwa ameshakizika kitovu ndipo baharia mwenzake, mtu wa kulekule Ceylon, akaja kula kwetu, akauona mche, akasema huu ukitoa maua tu ndiyo mwisho wake. Baba alicheka. Mama hakucheka. Kukata hawezi, maana kuukata ni yaleyale. Kuchimbua, Baba alimkataza, aliona aibu kwa watu. Akabaki na kuomba usitoe ua. Maji ya samaki yalikuwa ya kuudumaza. Uacheni uwe tasa ilikuwa dua. Miaka arobaini na saba anauombea mti utasa, mimi nadhani ananisema.

Nikamuuliza pilau lilikuwa la nini. Akasema alikusanya watu wengi iwezekanavyo waniombee uhai, na alijua akiwaeleza sababu mimi nitaogopa. Akaona heri wale, waombe, wasijue.

Nikamwambia nami nilijua. Tangu Juni. Nilikuwa namficha yeye.

Tulitazamana. Mama akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akaniambia nishike jembe, yeye kiuno kimekufa.

Nimechimba. Mimi, mwalimu wa sayansi. Nimechimba mpaka udongo ukabadilika rangi. Hakuna kitu, bila shaka hakuna, ni miaka mingi. Mama kachagua bonge moja la udongo, akasema ndilo hilo. Tumelihamishia chini ya mndimu, karibu na tangi la maji. Kasoma, katema mate kidogo, kafukia, kakanyaga kwa kandambili. Mndimu unatoa maua kila mwaka na haujawahi kumdhuru mtu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mikono ina malengelenge. Sikuota kitu. Nimelala kama mtoto.

Ile kugusa mguu. Nimeielewa leo, nikiwa nasahihisha madaftari. Alikuwa anaangalia kama bado una joto.

Jumamosi, 10 Januari

Daftari jipya.

Maua yamekwisha, sasa ni matunda. Mabichi, madogo kama ndimu changa, maelfu kwa maelfu. Majani ya chini yameanza kulala ubavuni mwa shina kama miamvuli iliyokunjwa. Darasa la tano la mwaka huu limekuja kuuona, mistari miwili, wamepanda kilima na sare zao. Nimewaambia ukweli wote. Kwamba unakufa, na kwa nini. Mmoja akauliza, "Mwalimu, wenyewe unajua?" Nimesema nadhani unajua kuliko sisi.

Hakuna aliyeniuliza kama nimeshafika Sokotra. Walikuwa wanatazama juu.

Presha imeshuka. Chumvi nimepunguza, hofu pia.

Alhamisi, 16 Julai

Umekufa. Jani la mwisho lilianguka juzi, likavunja kamba ya nguo. Matunda yameshadondoka yote, tunayafagia kama kokoto. Kila mtoto wa darasa kaondoka na mbegu tano. Mama Neema kachukua ndoo nzima, za kupeleka kwao Moshi. Hasemi tena mnazi tasa. Mafundi wa msumeno wanakuja wiki ijayo. Nimekata kipande cha jani kavu, nikajaribu kuandika jina la Baba kwa msumari. Limetoka, kwa shida.

Dirisha lina mwanga mwingi sasa. Sijauzoea.

Alfajiri Mama kaja. Nilidhani ataacha, maana kitovu kipo kwenye mndimu na mimi niko hai na mti haupo. Kanigusa kidole gumba, mara moja. Nilikuwa macho. Nikavichezesha vidole vyote vitano.

Akasimama kidogo. Akagusa tena. Nikavichezesha tena. Nikasikia kandambili zinaelekea jikoni, taratibu, na sufuria ya chai ikibandikwa.