Popo wa Wodi ya Wazazi

Kaka yangu mpendwa,

Huku wote wazima. Mama bado anabishana na redio. Shika kiti: popo wa hospitali wametoka!

Ndiyo, wodi ile ile uliyoiziba tundu la dari mwaka jana kwa haraka, watoto wa popo wakaozea humo hadi likafunguliwa tena. Daktari mkuu alitaka nami nizibe tundu papo hapo. Nikamwambia, "Humo darini mna watoto wasiojua kuruka. Nikiziba leo wataoza, na harufu yake mnaijua." Nikasubiri wiki sita, watu wakinicheka eti nafuga popo. Juzi nikatundika wavu wa kutokea bila kurudi. Wakatoka wote, mama na wana. Leo nimepanda: dari tupu! Nikaziba.

Wauguzi walinipigia vigelegele utadhani nimejifungua mapacha. Daktari akauliza nani kanifundisha subira.

"Kaka yangu. Alikosea, akanieleza alipokosea."

Akasema, "Mwite. Maabara nayo ina popo."

Basi acha kujificha, kaka. Ngazi ni ya watu wawili: mmoja apande, mwingine ashike. Safari hii utashika wewe.

Mdogo wako,
Mama Popo