Nilificha Mwiko wa Kilio

Mama Ngeleka, mshauri wetu wa gazetini, nakuamkia kwa heshima na naomba unisaidie, maana jambo hili nimelianzisha mwenyewe na kila ninapojaribu kulifungua naona nimeongeza fundo jingine. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sabini na mitatu, nilifundisha darasa la sita hapa Kolwezi kwa miaka thelathini na minane, mke wangu Jocelyne alifariki miaka minne iliyopita, watoto wetu wako Mbuji-Mayi na Johannesburg, hunipigia simu kila Jumapili, na kati ya Jumapili na Jumapili kuna siku nilizokuwa nasema maneno mawili tu, "asante" kwa muuza mkate na "karibu" kwa paka ambaye si wangu.

Likizo ya Pasaka, kijana aitwaye Godefroid, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi, aliamua kutengeneza filamu ya kuchekesha na watoto wa mtaa wetu wa Manika, "Nani Alikula Kuku ya Pasteur", juu ya kundi la wapelelezi watano, mkubwa wao akiwa na miaka kumi. Walihitaji mzee wa kushukiwa, wakaniona barazani na koti langu refu. Kazi yangu ilikuwa kutembea na mfuko huku watoto wakininyatia, hadi waufungue wakute chaki tupu. Glodie, binti aliyekuwa kiongozi wa kundi, huniita Tata Maître, yaani Baba Mwalimu, na hakuridhika nami hata kidogo.

"Tata Maître, tembeya sawa mwizi, hapana sawa mwalimu."

"Mwizi anatembeyaka namna gani?"

"Anatembeyaka sawa mutu mwenye kuwa na kwenye anaenda."

Kwa wiki mbili mlango wangu ulibishwa kila siku. Filamu ikaonyeshwa katika ukumbi wa parokia, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha watoto wakarudi shuleni na mlango ukanyamaza. Siku moja nikapoteza miwani, nilipoteza kweli, nikamwita Glodie, wakaja wote watano na daftari, wakaikuta ndani ya kopo la sukari. Nilifurahi kupita kiasi, mama, na juma lililofuata nikapoteza birika kwa makusudi, kisha redio, kisha kiatu kimoja, na kila walipokuja niliwaeleza kwa utaratibu nini maana ya ushahidi na kwamba kuona ni kitu kimoja na kudhani ni kingine, nao wakaandika, kila upelelezi wakiuita enquête. Mpaka Glodie akafunga daftari. "Tata Maître, bitu yako yote inapoteaka mu nyumba yako. Iyi haiko enquête. Ni kusahau."

Hapo ndipo nilipokosea. Jirani yangu Mama Kankolongo ndiye mtunzaji wa mwiko mkubwa wa kilio, ule ambao akina mama wa mtaa husongea bukari, ugali wa bunga, yaani unga wa mahindi, kwenye sufuria kubwa tukifiwa, mrefu kama kijana wa miaka kumi na miwili, unaoning'inia ukutani mwa jiko lake. Mchana mmoja, yeye akiwa sokoni, nikautoa jikoni mwake nimeuficha chini ya koti langu, nikauweka nyuma ya kabati langu. Na kwa kuwa mpelelezi hawezi kufanya kazi bila alama, pale ulipokuwa nikaacha jiwe langu la kijani, jiwe la shaba lililokandamiza karatasi mezani pangu darasani miaka yote thelathini na minane. Kila niliyemfundisha alilijua. Niliona wazi kichwani jinsi watoto watakavyolitambua, watakavyokuja moja kwa moja kwangu, tutakavyocheka, na mwiko utakavyorudi kabla ya chakula cha jioni.

Sikufikiri kwamba watoto hawa sikuwafundisha mimi. Waliolijua jiwe lile sasa wana watoto wakubwa, wengi wamehama. Kwa mtoto wa leo wa Kolwezi, jiwe la kijani lina mwenyewe mmoja tu, naye ni creuseur, mchimbaji mdogo wa carrière, yaani machimbo ya madini. Na ndani ya ua wa Mama Kankolongo amepanga creuseur mmoja, Gael, kijana wa kutoka Kisangani, mkimya, asiye na ndugu hapa.

Mama Kankolongo aliporudi akapiga kelele, watoto wakaja na daftari, na Glodie akalifuta jiwe kwa pindo la gauni, akalinyanyua juani. "Ni ya mutu ya carrière. Enquête inaisha."

"Mutu ya bunga anaachaka bunga, mutu ya carrière anaachaka majiwe," akasema Mama Kankolongo mbele ya ua mzima. "Gael, mwiko ya kilio? Unapikia nani bukari, jeshi?"

"Mama, mi niko na sahani moja tu."

Watu walicheka. Gael hakucheka. Kisha mmoja wa wanawake akasema kwamba anayeuchukua mwiko ule anaita kifo nyumbani mwa watu, na kicheko kikakatika. Mama Kankolongo akampa Gael mpaka Jumamosi awe ametoka katika ua wake. Nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo nimeshaufungua, na Glodie akaniangalia, uso umejaa furaha, akauliza, "Tata Maître, tulifanya sawa ulitufundisha?" Nikasema ndiyo.

Sasa nifanye nini? Niuegemeze mwiko kwenye uzio wakati hakuna mtu, yaishe? Nikikiri, unajua wanavyoitwa wazee wanaoishi peke yao wakikutwa na kitu cha kilio. Na hata nisipoitwa hivyo, hakuna mtoto atakayebisha hodi tena kwangu.

Mwalimu mstaafu, Manika

*

Mwalimu, pole. Siku yenye maneno mawili ni ndefu, na waliokuacha nayo wanadhani simu ya Jumapili inatosha. Nimekuhurumia. Sasa nisikilize.

Uliwaeleza watoto tofauti ya kuona na kudhani. Walipodhani, ukawapa maksi. Kosa hilo ni kubwa kuliko mwiko, kwa sababu mwiko utarudi ukutani kwa siku moja tu.

Habari ya uzio iache kabisa. Ukiuegemeza pale, watasema Gael ameurudisha kwa woga, na ataondoka na jina la mwizi. Unaogopa kuitwa mulozi, mchawi. Sikucheki, katika mji wetu neno hilo limevunja watu. Kwa hiyo usiende peke yako. Mchukue Godefroid, aliyekuona ukicheza na watoto, na umtafute mama mmoja uliyemfundisha, anayelijua jiwe lako. Lakini pima na hili: wewe una nyumba, una jina, una miaka thelathini na minane ya wanafunzi wa kukusimamia. Gael ana chumba kimoja, na hicho umemnyang'anya.

Anza na yeye. Usimwambie "ulikuwa mchezo", maana yeye hakuwa anacheza. Mwambie "nilichukua mimi, nikanyamaza ulipochekwa." Halafu nenda kwa Mama Kankolongo, waitwe wale wale waliokuwapo, umkabidhi mwiko kwa mikono miwili na kumsafisha kijana kwa jina lake. Akikufokea, mwache amalize. Mwisho waite watoto watano, uwaambie kwamba swali la Glodie ulilijibu vibaya.

Huenda wazazi wakawazuia wasije kwa muda. Utavumilia. Kisha siku ya likizo weka benchi barazani na umtume mtu aseme kwamba mwalimu anawakaribisha. Hutaki kuomba, Mwalimu, hiyo ndiyo shida yako. Umepoteza hadi kiatu ili usiombe. Omba. Wengine hawatakuja. Mmoja akija, mfundishe. Na watoto wako wapigie wewe, siku ya Jumatano, uwaambie unaishi vipi hasa.

Neno la mwisho. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Majina yote nimeyabadilisha, lakini filamu, koti na mwiko havibadiliki, na Manika nzima itakutambua kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana nakala yako nimempa mwendesha pikipiki akuletee leo Jumatano, kwenye anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Wachimbaji hurudi kutoka machimboni alasiri, na Gael naye atarudi. Usimngoje barazani kwako. Mngoje mlangoni kwake.

Mama Ngeleka