Uliingia Kompyutani Bila Hodi

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka chumba chetu cha nyuma ya duka. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima. Mgongo wako vipi? Bado unakusumbua ukikaa sana ofisini?

Wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisema "mume wangu" natabasamu peke yangu. Asubuhi ananimiminia chai kwenye kikombe kizima, chenye ufa anachukua yeye. Kaka, sikujua furaha ina sauti, kumbe ni ile ya viatu vyake mlangoni.

Duka letu la kuchapa na kutoa kopi linakwenda vizuri. Ila kuna jambo, usinune. Ile kompyuta uliyonipa, uliyoiwekea mfumo wa Linux ukanifundisha kutumia GNOME, yaani ile skrini yako tupu isiyo na vitufe, tumeibadilisha. Sasa tunatumia KDE. Linux ni ileile, sura tu ndiyo mpya: chini kuna ukanda wenye vitufe vikubwa, na kila dirisha lina jina lake. Aliyechagua ni yeye, na mimi nimeipenda kama ninavyompenda. Inachelewa kidogo kuwaka, lakini sisi hatuna haraka.

Mdogo wako


9 Februari

Mdogo wangu,

Mgongo unauma, asante kwa kuuliza. Natumaini wewe hujambo.

Miaka saba tumetumia GNOME, mimi huku na wewe huko. Nilikaa na wewe siku tatu nikikufundisha: unabonyeza kitufe kimoja, madirisha yote yanajipanga mbele yako, hakuna makorokoro. Ulisema ni kama chumba kilichofagiwa. Leo anakuja fundi wa kuchomelea vyuma, wiki sita tu, amekujazia ukanda kama kibanda cha mitumba, na wewe unaniambia umeipenda. Ungeolewa na mpiga tarumbeta, ungeanza kupuliza? Huyo bwana wako anajua nini kuhusu kompyuta?

Umesema mwenyewe kwamba inachelewa. Mashine ile ni kuukuu, haiwezi mzigo huo. Basi nimekusaidia. Leo asubuhi nimeingia kutoka huku, kwa ule ufunguo wa mbali ulionipa niwe naitengeneza ikiharibika. KDE nimeiondoa, GNOME nimeirudisha. Utanishukuru.

Kaka yako


17 Februari

Kaka,

Hujambo. Sijambo. Salamu zimeishia hapo.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya ubaya wako. Tarehe tisa nilikuwa nimetoka kununua karatasi. Mume wangu alibaki peke yake, na mwalimu mkuu wa shule jirani akaja kuchapisha mitihani. Mume wangu anawasha mashine, ukanda hakuna, vitufe hakuna, mshale wa kipanya hauoni. Anatikisa kipanya. Anatikisa tena. Mwalimu akamwambia mbele ya foleni nzima, "Bwana, unachapa au unafukuza nzi? Toka hapo, tumsubiri mkeo anayejua." Watu wakacheka. Nilimkuta uani amekalia maboksi ya karatasi, mikono mapajani.

Sasa nakuambia alichoniomba nisimwambie mtu. Jicho lake la kushoto halioni, liliunguzwa na cheche kazini. La kulia linaona kwa taabu. Kwenye KDE ukitikisa kipanya, mshale unavimba mpaka unakuwa mkubwa kama kidole gumba, na hapo anauona. Wiki nzima alijaribu sura moja baada ya nyingine mpaka akaipata hiyo, asije akawa mume wa kukaa akiniangalia nikifanya kazi. Wewe ukaifuta kabla ya chai.

Nimeirudisha mwenyewe, kutwa nzima. Hataki kuigusa. Siku ya nane leo anabeba maboksi tu. Jana nilimvutia kiti, akasema, "Hapo si pangu."

Uliingia nyumbani kwangu bila hodi. Ufunguo wako nimeufuta, neno la siri nimelibadilisha. Hiyo GNOME yako kaa nayo, ikupikie na ikufulie.

Mke wa mchomeleaji


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama utaifungua barua hii. Naomba iwakute wazima wote wawili.

Wiki mbili nilikukasirikia wewe. Zilizobaki nimejikasirikia mimi. Nikaziba jicho la kushoto kwa kitambaa, nikavaa miwani ya mama, nikafanya kazi hivyo siku nne. Ofisini wananiita haramia. Siku mbili za GNOME niliupoteza mshale mpaka nikapiga meza kwa ngumi. Siku ya tatu nikaweka KDE. Ule ukanda bado siupendi, umejaa kama kabati la mtu asiyetupa kitu. Lakini nilitikisa kipanya, mshale ukavimba, nikauona.

Kwenye mashine yangu nimeyazima mapambo yote yanayoichelewesha KDE, mshale nimeuacha. Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo si yako, ni ya shemeji. Aifuate mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake. Wewe usimshikie kipanya.

Ufunguo usinirudishie. Jumamosi nakuja kwa basi. Nitasimama kwenye foleni na karatasi yangu ya kuchapwa, na nitangoja mpaka anihudumie yeye.

Kaka yenu