Beji ya Bibi Ozella

Nashville, 4 Machi 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kifua vipi, bado kinabana? Mimi mwili mzima, moyo ndio hoi. Ile picha niliyokutumia ni uongo. Sikula kiapo cha kuingia chama chenu cha wasichana wa chuo, Bibi. Siku mbili kabla, akina dada wa chama walinisimamisha niwataje waanzilishi wote tisa. Nikakwama kwa wa saba, wakanitoa. Niliona aibu kukwambia. Beji yako uliyonitumia nivae siku ya kiapo, nikaibandika tu kwenye blauzi nikaenda kupiga picha. Kiongozi wao alinikuta pale mlangoni pa studio. Akaing'oa palepale, kitambaa kikachanika. Wameipeleka makao makuu. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Delphine

Greenwood, 9 Machi

Delphine,

Marahaba. Kifua kinabana, na barua yako imekibana zaidi. Daktari amenipa wiki chache. Sikutaka ujue kabla ya mitihani. Sasa jua. Hivi mtoto wewe una wazimu? Umeivaa beji ile, yule nyuki wa dhahabu, bila kiapo! Miaka arobaini nimefundisha shule naye kifuani. Dada akifa, wenzake huja wamevaa nyeupe, ua la gadenia mkononi, wanazunguka jeneza na kuimba wimbo ambao hauimbwi mahali pengine popote. Lakini beji lazima iwe kifuani mwa marehemu. Hakuna beji, hakuna wimbo. Nimewaimbia wenzangu kumi na wanne, leo mimi nizikwe kimya kimya? Nenda kaifuate. Piga magoti ikibidi.

Bibi yako,
Ozella

Nashville, 15 Machi

Bibi,

Shikamoo. Unakula lakini? Nilipiga magoti, kweli. Makao makuu wanasema kama beji iliibwa, inarudi kwa mwenyewe. Kama mwenyewe aliitoa kwa mtu asiye dada, mwenyewe anafutwa kwenye chama. Basi sema niliiba! Barua ya kusema hivyo nimeshakuandikia, imo humu ndani, wewe weka sahihi tu. Chuo kitanifukuza, najua. Acha kinifukuze. Bi Verlene hapo jirani akupelekee posta leo leo. Nakuomba, Bibi. Nakuomba sana.

Mjukuu wako,
Delphine

Greenwood, 20 Machi

Delphine mwanangu,

Marahaba. Hali ndiyo hii, naandika nimelala, utavumilia mwandiko. Kile kijibarua chako nimekichana. Wewe mpumbavu, sawa, lakini mwizi? Thubutu! Nimewaandikia ukweli: niliituma mwenyewe kabla hujaapa, kwa kiherehere changu cha kutaka kukuona nayo. Wanifute.

Usije ukafikiri mimi ni jasiri. Naogopa, mjukuu wangu. Nalifikiria lile jeneza, watu kimya, nalia kama mtoto. Ukimaliza mtihani wa mwisho usingoje hata kupanga nguo. Njoo unishike mkono.

Bibi yako,
Ozella

Greenwood, 2 Aprili

Bibi,

Leo sijui nikusalimie vipi. Nilichelewa siku moja, nikakuta umeshaaga. Jana tumekuzika.

Akina dada walikuja saba, na nguo zao za kila siku, wakakaa viti vya nyuma kabisa. Niliwafuata mmoja mmoja nikawasihi: mwimbieni, jamani, hata ubeti mmoja. Bi Verlene, naye dada wa chama, uliyelala naye chumba kimoja chuoni, alilia mpaka miwani ikadondoka sakafuni. Mdomo hakufungua. Tukakushusha hivyo hivyo.

Asubuhi hii imefika barua ya chama. Wanasema kosa lilikuwa lako peke yako, mimi sina hatia, hata kule kukwama kwangu wamekusamehe, nakaribishwa kula kiapo Jumapili. Nilitukana kwa sauti, na mchungaji alikuwa hapo sebuleni. Nilitaka kuichana.

Lakini Bibi, nikiapa, watanifundisha ule wimbo. Nikishaujua tu, nakuja hapo kaburini mchana kweupe, nakuimbia wote mpaka mwisho. Na wao wanifute na mimi.

Mjukuu wako,
Delphine