Ng'ombe wa Buswelu na Mbio za Magari

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika salama kutoka huko Mbeya. Hapa Kiseke tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na babu yako hataki mtu mwingine ambebe.

Umeniuliza nilianzaje kusema mbele ya watu, maana unaogopa mdahalo. Mimi niliogopa kuliko wewe. Nikiwa kidato cha tatu, miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa, alikuja mgeni kutoka Ulaya kuamua kama mbio zetu za magari za Mwanza zinafaa kuingia kwenye ratiba ya kimataifa. Nilichaguliwa kumtafsiria kwa sababu sikuachana na vitabu vya Kiingereza.

Kule Buswelu, ambako magari yangepita, aliuliza kama barabara huwa tupu. Mwenyekiti wa kamati yetu ya mbio akasema ni tupu kabisa. Mfugaji mmoja mzee akacheka.

"Tupu? Saa nne ng'ombe wangu wanapita hapa kwenda ziwani. Waambie wenye magari wapishe!"

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Binti, hilo liache. Tutakosa nafasi."

Sauti ilitetemeka, lakini nilitafsiri yote. Mgeni akamgeukia mzee, akauliza, "Na saa moja asubuhi?"

"Saa moja bado nakamua, bwana. Piteni tu."

Sauti yako nayo ikitetemeka kwenye mdahalo, iache itetemeke.

Ratiba ilipotoka, Mwanza ilikuwemo. Nakala ninayo hadi leo. Chini ya jina letu wamechapa: mbio ziishe kabla ya saa nne, ng'ombe wanapita.

Bibi yako