Nani Atanitwika, Wifi?

Wifi yangu mpendwa, Mama Tumaini,

Shikamoo. Baridi ya Lushoto imeingia, ile ya kuvaa masweta mawili, na sina wa kunung'unika naye. Jana ilikuwa siku ya soko. Malori ya Fuso yalipoondoka kwenda Dar yaliacha kabichi na karoti zimetapakaa hadi kwenye milango ya maduka, nami nikasimama pale na kiroba changu nikijiona mjinga. Nimezoea tuwe wawili.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwaka ule mvua ilikata barabara, magari hayakupanda, na kule Kwai watu wakamwaga kabichi kando ya njia. Mimi nilitaka tupite. Wewe ulisimama, ukafunga khanga kiunoni, ukafoka kwa Kishambaa mpaka mbuzi waliokuwa wanakula wakainua vichwa. Halafu ukanigeukia: "Wifi, kuna watu leo wanalala na chai kavu. Shika kiroba." Kaka yako, Mungu amrehemu, alipotuona tunaingia na mizigo alisema mke wake na dada yake wamerukwa na akili. Kesho yake akatutafutia viroba vingine.

Ulikuwa na masharti yako, na ulinisumbua nayo kweli. Tusiokote kitu kabla ya kumsalimia mwenyewe na kumwomba, hata kama ameshakitupa. Na kwa wale tunaowapelekea, neno msaada lisitajwe kabisa. Ulibisha hodi huku ukilalamika: "Jamani tupunguzieni, vimetuelemea, vitaozea mikononi mwetu." Mtu akapokea huku akikuonea huruma wewe. Mzee Hamisi, yule anayeishi peke yake bondeni, ndiye pekee aliyethubutu kutupangia. "Kabichi tena? Mnataka niote pembe?" Ulicheka mpaka ukashika mlango. Safari iliyofuata ulimpelekea mapeasi.

Ninachokifikiria sana sasa ni namna ulivyonitwika. Kiroba kikijaa, mtu mmoja hawezi kukipandisha kichwani, lazima mwenzake ashike upande wa pili. Ulinitwika mimi kwanza, kila safari. Chako ulikiegemeza kwenye ukingo wa barabara, ukapiga magoti, ukakivuta kichwani mwenyewe na kuinuka nacho ukiguna. Nikisema nitue nikusaidie, ulinijibu, "Tembea bwana, shingo yenyewe fupi, ukitua hutainuka." Magoti hayo ndiyo yaliyokupeleka Dar kwa Tumaini.

Siku hizi nabeba nusu. Vijana wa soko hunitwika kwa haraka, hawangoji mzigo ukae sawa, na nyumba za kule juu sizifikii tena. Naumia kuwapita. Jana niliacha karoti nzuri kabisa pale chini, wifi, nzuri kuliko nilizobeba.

Mzee Hamisi alinipokea, akachungulia nyuma yangu. "Mwenzio yuko wapi?"

Nikamwambia uko Dar, unarudi mvua zikikatika, kama unavyoniambia kila tukiongea kwa simu.

"Mama, mvua si zimeshakatika," akasema, kisha akanisogezea kiti. Nilikaa nikalia mbele yake, sikuona hata aibu.

Tumaini alishaniambia. Daktari amekukataza milima, na mwanao amekujengea chumba chako, anasema kina dirisha kubwa. Najua unaogopa kunivunja moyo, na mimi naogopa kukuuliza, basi tunazungukia habari za hali ya hewa mpaka salio linakwisha. Nina upweke, wifi, siwezi kukuficha. Bado napika sufuria ya watu wawili, kesho yake nakula kiporo. Mimi niliyezunguka nawe vilima vyote hivi kuokoa chakula cha wenzangu, nyumbani kwangu ndiko kinakobaki.

Usinijibu kwamba unajitahidi. Kaa huko, upone. Mimi nitaendelea, hata kwa nusu kiroba, na wa kunitwika nitampata, hata kama ni mwenye haraka. Ila ukinipigia, usiniambie tena kwamba unakuja. Niulize tu leo nimempelekea nani.

Ni mimi wifi yako mdogo,
Mama Neema