Kwa Kaka Taufiq: Salamu ya Fahima Hujibiwa na Fahima

Ni mwaka mmoja na siku tisa sasa tangu utuache, kaka yetu Taufiq Abdalla. Hizo siku tisa tunajua zitakukera, wewe usiyependa jambo likawie hata dakika. Vumilia, sababu tutakupa mwishoni.

Nani Takaungu hakukujua kwa haraka zako? Mteja hajakaa vizuri kwenye benchi la mkahawa wako, umeshamwekea mahamri mawili na mbaazi. Hajafungua kinywa, umeshamtilia chai ya tangawizi, na akithubutu kusema alitaka ya maziwa unamwambia, "Kunywa hiyo, ndiyo itakayokufaa." Mkeo Shumi hucheka hadi leo kwamba siku ya nikahi ulisema umekubali kabla shehe hajamaliza kuuliza, ikabidi aanze upya.

Na watu walikupenda hivyo hivyo. Mgonjwa yeyote mtaani alipelekewa uji wako kabla jamaa zake hawajajua kwamba anaumwa.

Wasomaji wengine hawajui habari ya Fahima, mpwa wako, binti yangu mimi Nana. Miaka minne iliyopita, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa akirudi kutoka kwa shangazi zake Gongoni, nyuma ya pikipiki, kichwa wazi bila kofia. Pikipiki ikaingia shimoni, naye akaangukia kichwa. Siku kumi na tisa hakufumbua jicho. Alipofumbua, hakujua kumeza, wala kukaa, wala kusema. Daktari alituambia kutembea huenda akatembea, lakini maneno hakutuahidi.

Mimi nililia mpaka nikachoka. Wewe ulileta kiti. Ulisema, "Mtoto hatafungiwa chumbani ahesabu boriti za dari, Nana. Atakaa kwangu, penye watu." Ukakiweka kando ya mlango wa mkahawa, ukamfunga leso kiunoni asiteleze, ukawa unamkanda mkono wa kulia kwa mafuta ya nazi huku unagombana na wateja. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, Ijumaa na Jumapili pia.

Lakini kaka, na tuseme kweli, hapo ndipo tulipokosea, na katika kukosea wewe ulikuwa kiongozi wetu. Kila aliyeingia alimsalimia, "Hujambo, Fahima?" nawe ulidakia kutoka kwenye karai, "Hajambo, yuko salama, asema karibu!" Usipodakia wewe, nadakia mimi. Gladys, yule mtaalamu wa mazoezi aliyetujia kila Jumatano, alitusihi tumpe mtoto nafasi. Ukamjibu, "Salamu haiachwi hewani, bibie. Akijibu mmoja, wametosheka wote." Mwaka mzima tulimjibia kwa adabu zetu zote, na mwaka mzima hakusema neno. Nilianza kuamini kwamba sauti ya mwanangu sitaisikia tena. Nilikwambia hivyo siku moja tukiosha vikombe, nawe ukaendelea kusugua kikombe kilichokwisha takata.

Kisha Mungu akakuumiza jino. Ulikwenda Kilifi ukang'olewa gego, ukarudi shavu limefura na pamba imejaa kinywani, na bado kesho yake ukafungua mkahawa. Akaingia Kahaso, muuza ndimu wetu wa kutoka Jilore, kikapu kichwani. "Hujambo, Fahima?"

Mimi nilikuwa kisimani. Wewe ulinyoosha kidole, ukatoa "mmh, mmh," hakuna aliyekuelewa. Na Kahaso, jamani, Kahaso si mtu wa kuondoka salamu yake haijajibiwa. Alisimama pale na kikapu chake, anamtazama. Wateja wakaacha kutafuna.

"Si... si... jambo."

Kahaso, wala hakushtuka. "Haya! Na mama yako?"

Tukangoja tena, na hapo mimi nilikuwa nimefika mlangoni na ndoo yangu. "Ha... hajambo."

Ulikimbilia nyuma jikoni ukalia kama mtoto, kaka, na tulikusikia sote, pamba au si pamba. Mahamri ya karai zima yaliungua. Hayakuwahi kuungua kabla ya siku hiyo.

Jioni yake ulifuta ubao wa bei ukaandika kwa chaki: SALAMU YA FAHIMA HUJIBIWA NA FAHIMA. Na chai haikutolewa mpaka ajibu. Dena wa pikipiki alilalamika, "Mzee Taufiq, nina abiria nje!" Ukamwambia, "Abiria na angoje, kwani anakwenda kuzaa?" Lakini aliyeteseka zaidi ni wewe. Ukawa na bakuli la tende kando ya karai, na kila mtu akimsalimia Fahima unatupia moja kinywani usije ukamjibia. Tulipokunja kanzu zako baada ya matanga tulikuta kokwa za tende katika kila mfuko.

Haikuwa mteremko. Zilikuwako wiki alizorusha vikombe kwa hasira, na siku alizosahau jina langu. Mkono wa kulia bado mzito, na kichwa humuuma jua likiwa kali. Lakini alisimama, akashika fimbo, akatembea mpaka msikitini na kurudi huku wewe nyuma yake umeuma kidole. Na unakumbuka sentensi yake ya kwanza nzima? Sote tuliikodolea macho midomo yake, mimi natarajia "nakupenda, mama." Akasema, "Mimi... sipendi... sukari."

Loo! Tangu siku ya kwanza ulikuwa ukimtilia vijiko vitatu kila kikombe, kwa kuwa zamani alipenda, wala hatukujua kwamba ulimi wake ulibadilika siku ile ya ajali. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamwomba radhi, taratibu, neno kwa neno, na tangu hapo hukumtilia yeye chai bila kumuuliza.

Ulituacha ghafla, kama ulivyofanya mambo yako yote. Ulisema unajinyoosha kidogo kabla ya alasiri, hukuamka. Tuliumia, na bado tunaumia, lakini tukikutaja tunacheka, na mkahawa umejaa. Siku hizi ni Fahima anayeuliza, "Uta... kunywa nini?" naye hungoja jibu. Wazee wanasema miaka ishirini wamekunywa kwako, na sasa ndio kwanza wanapata chai waliyoitaka.

Sasa siku tisa. Tangazo hili lilikuwa tayari kwa tarehe yako. Fahima akasema ana neno lake la kutiwa humu. Nikamwambia, "Nipe maana tu, mwanangu, nitakuandikia mimi." Akanyoosha fimbo kuelekea ubaoni. Basi tukangoja. Siku nyingine lilikuja neno moja, siku nyingine akayafuta yote akaanza upya. Cliff wa gazetini alipiga simu mara tatu kuuliza tumekwama wapi, tukamwambia angoje. Mimi peke yangu nimemaliza nusu kilo ya tende. Jana asubuhi alimaliza, na haya ni yake, hakuna aliyemsaidia:

"Mjomba, shikamoo. Chai nakoroga mwenyewe. Naweka sukari kijiko kimoja. Hicho ni chako."

Unakumbukwa na mkeo Shumi, dadako Nana, mpwa wako Fahima, Kahaso na ndimu zake, Gladys, aliyetusamehe, na wateja wako wote wa asubuhi. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Daima tutakukumbuka, kaka. Hatuna haraka.